Mustang na Camaro: mtani wako ndiye fundi wako

Wapenzi wa magari ya zamani ya Kimarekani wana watani wao wa jadi: Ford Mustang na Chevrolet Camaro. Mimi ni wa Mustang, lakini haki nitaisema.

Mustang ilizinduliwa New York, Aprili 1964, ikagombaniwa na wanunuzi. Chevrolet hawakukubali kuachwa nyuma. Mwaka 1966 wakaleta Camaro. Ubishi ukahamia kwenye mashindano ya Trans-Am. Ford walitwaa ubingwa wa watengenezaji 1966 na 1967 kwa Mustang, Camaro ikauchukua 1968 na 1969, Mustang ikaurudisha 1970. Camaro Z/28 ilipowatesa, Ford walijibu kwa kuunda Mustang Boss 302, gari linalosakwa hadi leo. Bila Camaro, tusingelipata.

Ndiyo maana siwaelewi wenzangu walioshangilia Camaro ilipoacha kuundwa Desemba 2023. Mtani ana ruhusa ya kutania hata matangani, lakini hafurahii kifo. Camaro iliwahi kusitishwa mwaka 2002, ikarudi 2009. Naiombea irudi tena, tuifunge.