Namna za Kumeza Kidonge

Mtu akisema, "Nimemeza dawa," tunadhani amefanya jambo moja tu, tena jambo jepesi. Lakini watazame watu wakimeza vidonge nyumbani au hospitalini, nawe utaona kwamba hawamezi kwa namna moja.

Mwaka mmoja wauguzi walikuja shuleni kwetu, hapa Nyalukemba, kutoa dawa ya minyoo. Nyalukemba, kwa wasioujua, ni mtaa wa mji wa Bukavu, katika komini ya Ibanda, kando ya ziwa Kivu. Watoto walipanga mstari uwanjani. Kila mmoja alipewa kidonge kimoja na kikombe cha maji yaliyochemshwa. Mimi nilisimama kando na daftari ya majina, basi niliwaona wote.

Wa kwanza alikitupa kidonge nyuma ya ulimi, akarudisha kichwa nyuma kama kuku anywaye maji, akameza. Wa pili alifumba macho, akapiga mafunda matatu. Maji yakaisha, kidonge kikabaki palepale juu ya ulimi. Akakitoa, akakitazama kwa huzuni. Msichana mmoja alikuwa na ndizi mbivu. Alikificha kidonge ndani ya kipande chake, akameza vyote pamoja. Mwingine alikiweka shavuni kama tumbili awekavyo karanga, akaanza kwenda zake taratibu. Lakini mwuguzi alikuwa amezoea kazi yake. Akamwita: "Mwanangu, rudi. Fungua kinywa. Inua ulimi." Kisha akaja mvulana mdogo, akakitafuna kidonge chake kama hindi la kukaanga. Wenzake walimcheka sana.

"Mnamcheka nini?" mwuguzi akauliza. "Huyu ndiye aliyefanya sawasawa. Dawa hii ya minyoo imetengenezwa ili itafunwe."

Watoto wakanyamaza. Nami nilinyamaza, maana sikuwa nimewaambia.

Sasa tuone ni nini kinachotokea mtu anapomeza. Weka kidole mbele ya shingo yako, kisha meza mate. Je, umesikia kitu kigumu kikipanda na kushuka? Hilo ni koromeo. Kooni mna njia mbili. Njia ya mbele ni ya pumzi, nayo inakwenda mapafuni. Njia ya nyuma ni umio, mfereji wa nyama laini unaokwenda tumboni. Kwa mtu mzima urefu wake ni kama sentimeta 25. Unapomeza, koromeo hupanda, na kifuniko kidogo huinama kuifunika njia ya pumzi. Kwa nukta hiyo moja hupumui. Jaribu kumeza na kupumua pamoja: huwezi. Kifuniko kikichelewa, maji au chakula huingia njia isiyo yake, nawe unapaliwa na kukohoa.

Tena, kidonge hakianguki tumboni kama jiwe kisimani. Nyama ya umio hujibana juu yake na kukisukuma chini, kidogo kidogo. Ndiyo sababu mtu aweza kumeza hata akiwa amelala, ingawa si vizuri kumeza dawa hivyo, kama tutakavyoona.

Tumrudie yule wa kwanza, kuku wetu. Watu wengi, hata wazee, humeza kama yeye. Wanadhani wakirudisha kichwa nyuma kidonge kitateremka chenyewe. Kuku hufanya hivyo kwa sababu hawezi kuvuta maji na kuyasukuma kama sisi. Lakini mtu akirudisha kichwa sana, shingo yake inanyooka na kukaza, koromeo halipandi vizuri, na njia ya pumzi haifunikwi upesi. Wengi hufaulu hata hivyo. Wengine hupaliwa.

Yafaa ujue pia kwamba vidonge si vya namna moja. Kuna kidonge kigumu, kilichoshindiliwa kwa mashine. Mwingereza mmoja, William Brockedon, alipata hati ya ufundi huo mwaka 1843. Kuna na kidonge cha ganda, ambacho unga wa dawa umetiwa ndani ya vikopo viwili vidogo vilivyofunikana. Cha kwanza ni kizito, huzama majini. Cha pili ni chepesi, huelea. Basi fikiri: mtu ana kidonge cha ganda kinywani pamoja na maji, anarudisha kichwa nyuma. Kidonge kinaelea wapi? Kinaelea mbele, karibu na meno! Maji yanapita, kidonge kinabaki. Lakini akiinamisha kichwa, kidevu kikaelekea kifuani, kidonge huelea nyuma, penye koo, na akimeza kinapita.

Jambo hilo limepimwa. Mwaka 2014 madaktari wa Heidelberg, katika Ujerumani, walitangaza habari za watu wazima zaidi ya 100 waliomeza vidonge vya namna mbalimbali mbele yao. Kwa vidonge vya ganda, watu karibu 9 katika kila 10 waliona ni rahisi zaidi kumeza wakiwa wameinamisha kichwa. Kwa vidonge vigumu waliwafundisha njia nyingine. Mtu huweka kidonge ulimini, hubana midomo juu ya mdomo wa chupa laini ya plastiki iliyojaa maji, huvuta maji mpaka chupa inabonyea, na humeza mara moja. Watu kama 6 katika 10 waliona njia hiyo inawafaa kuliko desturi yao. Hapa Bukavu chupa za namna hiyo hazikosekani, lakini kumbuka kwamba waliopimwa ni watu wazima, si watoto wadogo.

Kuna wazee wanaojisifu kwamba wao humeza bila maji. "Mate yanatosha," husema. Lakini kidonge kikavu hupenda kunata kwenye umio. Mtu haoni kitu; baadaye kifua kinamwuma kila akimeza chakula. Dawa nyingine, kama doksisiklini, ni kali. Zikikaa mahali pamoja hutia kidonda. Ni vivyo hivyo kwa mtu amezaye dawa usiku kwa funda moja dogo na kulala papo hapo. Dawa ya namna hiyo humezwa kwa kikombe kizima cha maji, mtu akiwa ameketi au amesimama, naye akae hivyo nusu saa kabla ya kulala.

Lakini watoto wengi hawalalamiki juu ya koo. Wanalalamika juu ya uchungu. Hapo sisi watu wa Kivu tuna la kusema, kwa sababu uchungu mmoja mashuhuri duniani umelimwa katika vilima vyetu. Ni kinini, dawa ya malaria. Inatoka katika magome ya mti wa kinkina, ambao kwao ni milima ya Amerika ya Kusini. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kutenga kinini na gome. Wakati wa Wabelgiji miti hiyo ilipandwa Kivu, na kiwanda cha Pharmakina, hapa Bukavu, kilijulikana mbali kwa kinini yake.

Aliyepata kuonja kinini haisahau. Ulimi wetu umewekwa uogope uchungu, kwa sababu sumu nyingi za mimea ni chungu. Basi ulimi haujui kutofautisha sumu na dawa. Vyote viwili unataka kuvitema. Watu wakatafuta werevu. Livingstone, yule msafiri wa Kiskoti aliyefika Ujiji, aliifanya kinini kuwa vidonge pamoja na dawa nyingine za kuharisha. Mwaka 1867 wachukuzi walimtoroka na sanduku lake la dawa, akaona kama amehukumiwa kufa. Viwanda vya leo huvipaka vidonge vingi ngozi nyembamba, pengine ya sukari, ili ulimi usijue kilichomo. Na mama zetu hukificha kidonge ndani ya ndizi au tonge la ugali. Njia hiyo ni nzuri kwa dawa nyingi, mradi tonge liwe dogo na laini. Lakini ziko dawa zisizopatana na chakula, na ziko zinazokitaka. Dawa ya malaria iitwayo artemeta na lumefantrini hunyonywa vizuri zaidi mwilini ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kama maziwa au sambaza za kukaanga.

Je, kidonge kisagwe? Mwuguzi wetu aliulizwa swali hilo na mama mmoja aliyekuwa nje ya ua. Akajibu, "Mama, uliza kwanza." Maana iko dawa iliyopakwa ngozi ili ipite tumboni salama na kuyeyukia mbele, katika matumbo. Na iko iliyotengenezwa itoke polepole kwa siku nzima. Ukiisaga hii, dawa ya siku nzima inatoka kwa saa moja, na mgonjwa anaweza kupata madhara makubwa.

Nimefika sasa penye jambo lililonifanya niandike. Katika nyumba nyingi, mtoto mdogo akikataa dawa, watu wawili wanamshika. Mmoja anabana mikono, mwingine anabana pua. Mtoto akikosa pumzi anafungua kinywa, na papo hapo dawa inamiminwa. Kweli, kinywa kinafunguka. Lakini kwa nini kimefunguka? Kwa sababu mtoto anataka kuvuta pumzi! Njia ya pumzi iko wazi kabisa wakati ule dawa inapoingia. Mwaka 2007, huko Ethiopia, watoto wanne wa chini ya miaka 3 walifariki kwa kupaliwa na vidonge vya minyoo, dawa ambayo yenyewe si hatari. Tangu hapo Shirika la Afya la Ulimwengu limekazia kwamba watoto wadogo wasagiwe kidonge hicho kati ya vijiko viwili na kukorogewa maji, na kwamba mtoto anayelia na kupigana asilazimishwe. Angojwe atulie.

Ninyi wanafunzi ndio mnaobaki nyumbani na wadogo zenu, kwa hiyo sikilizeni. Mtoto aketi wima mapajani. Apewe kidogo kidogo, kwa kijiko, upande wa shavu. Pua iachwe. Akipaliwa na bado anakohoa, mwacheni akohoe, kikohozi ndicho kinachomwokoa. Akishindwa kukohoa wala kulia, mwinamisheni mbele na kumpiga kwa kiganja katikati ya mabega, mara 5, kwa nguvu, huku mwingine akikimbia kuita watu wazima. Mtoto mchanga hulazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikielekea chini, naye hupigwa vivyo hivyo, lakini si kwa nguvu sana.

Siku hizi kuna vidonge vya watoto vinavyoyeyuka katika kijiko cha maji. Cha malaria kilitoka mwaka 2009, kikitiwa ladha ya tunda. Cha kifua kikuu kilifuata, na mwaka 2016 Kenya ikawa nchi ya kwanza kukitoa kwa watoto wake wote wenye ugonjwa huo.

Kifua kikuu kina namna yake ya kumeza. Mgonjwa humeza vidonge kila siku kwa miezi 6, na desturi ni kwamba mwuguzi au mtu mwingine aliyechaguliwa amtazame akimeza. Si kwa kumdharau. Baada ya wiki chache mgonjwa anajiona mzima, naye anaanza kuweka vidonge shavuni kama yule tumbili wetu. Ugonjwa unarudi, na safari hii dawa haziuwezi.

Na yule mtoto wa pili, aliyebaki na kidonge ulimini? Siku ile alikitafuna, ikawa imekwisha. Lakini baada ya majuma machache alipata malaria, akapewa vidonge vya kumeza asubuhi na jioni kwa siku 3. Jioni ya kwanza alitapika, ikabidi arudishwe kwa mwuguzi apewe vingine. Mwuguzi hakumkemea. Alimketisha, akampa punje moja ya wali uliopikwa. "Meza bila kutafuna, pamoja na maji." Ikapita. Akampa punje mbili zilizoshikana. Zikapita. Akampa kipande cha mkate laini, ukubwa wa harage. Mtoto akakitazama kidogo, akanywa funda la maji ili kulowanisha koo, akakiweka katikati ya ulimi, akanywa tena, wala hakurudisha kichwa nyuma. Kisha akapewa kidonge chenyewe.

Aliporudi darasani alinijia mezani kabla ya kengele. "Mwalimu," akasema, "vyote sita vimepita."