Ushirika wa nyumba za wanafunzi Berkeley

Mwaka 1933, mdororo wa uchumi ulipoikaba Marekani, wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walishindwa kulipia chumba na chakula. Wanafunzi 14, wakihimizwa na Harry Kingman, mkuu wa Stiles Hall, YMCA ya chuo hicho, waliamua kuishi pamoja, kununua chakula kwa jumla na kufanya kazi zote za nyumba wenyewe. Huo ndio mwanzo wa ushirika ambao leo una wanachama zaidi ya 1,200, wanaoishi katika nyumba 17 na majengo kadhaa ya fleti.

Misingi yake si migeni Afrika Mashariki. Mwaka huohuo wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha ushirika, KNCU, na misingi ya ushirika ya pande zote mbili chimbuko lake ni wafumaji wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844: kujiunga ni hiari, kila mwanachama ana kura moja, na ziada haimwendei tajiri yeyote. Kwa Berkeley maana yake ni kwamba mpangaji ndiye mwenye nyumba. Chuo hakiuendeshi ushirika huu. Bodi yake ni ya wanafunzi waliochaguliwa na wenzao.

Unafuu wa bei unatokana na jasho. Katika nyumba kubwa kila mkazi anadaiwa saa tano za kazi kwa wiki. Huyu anapika chakula cha jioni cha watu kadhaa, yule anasugua masufuria, mwingine anapiga deki vyooni. Meneja wa kazi, naye mwanafunzi, hupanga zamu na kuzihesabu. Anayekwepa zamu hutozwa faini. Hata vyumba hugawanywa kwa utaratibu: kadiri mtu anavyokaa muhula baada ya muhula ndivyo anavyojikusanyia pointi, na wenye pointi nyingi huchagua kwanza. Mgeni aghalabu huanza kwa kulala chumba kimoja na wenzake. Utaratibu huu ni wa haki kuliko ule wa mwenye fedha kuchukua chumba kizuri. Katika kupokea wanachama, wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo hupewa kipaumbele, na hilo ndilo linaloupa ushirika huu uzito wake.

Ugumu wake mkubwa ni kwamba wanachama hawadumu. Mtu akishahitimu huondoka na ujuzi wake, huku paa, mabomba na mikopo vikibaki. Ndiyo maana kuna ofisi kuu yenye wafanyakazi wa kudumu, wanaotunza hesabu na kusimamia matengenezo makubwa chini ya bodi ya wanafunzi.

Uhuru wa kila nyumba nao una mipaka. Barrington Hall, jengo lililopangishwa mwaka 1935 na likawa kubwa kuliko yote ya ushirika, lilipata sifa mbaya kwa dawa za kulevya na kelele. Majirani walilalamika hadi mahakamani. Wakazi wake waliitetea nyumba yao kwa nguvu, lakini madeni na kesi zilikuwa za ushirika mzima, kwa hiyo wanachama wa nyumba zote walipiga kura mwaka 1989 na kuamua ifungwe. Ilifungwa mwaka uliofuata.