Leseni Haifi, Lakini Mkono Hushika Kutu



Mwalimu wetu wa zamani wa kwaya alirudi kanisani Jumapili moja ya Novemba, wakati korosho zinaingia maghalani na mji wa Mtwara una pilikapilika zake. Alikuwa ameondoka miaka 11 nyuma bila kuaga. Aliingia kimya, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na wimbo ulipoanza nikamwona akipiga mapigo kwa kidole juu ya goti.

Baada ya ibada wanakwaya tulikusanyika chini ya mwembe. Wengine walisema akabidhiwe kwaya siku ileile, maana Krismasi imekaribia. Wengine tulikataa, na mimi ndiye niliyekuwa msemaji wao. Nilisema kwa sauti, "Aliyesahau njia ya kanisa hawezi kutuonyesha njia ya mbinguni." Watu walicheka. Sikujua kwamba mzee alikuwa amesimama nyuma ya gari la mchungaji, akisubiri tumalize atusalimie.

Jumapili iliyofuata benchi la mwisho lilikuwa tupu. Iliyofuata pia.

Wiki chache baadaye nilimsindikiza dada yangu uwanja wa ndege wa hapa Mtwara. Nilipokuwa nimekaa nje, bwana mmoja wa makamo aliketi karibu nami, tukaanza kuzungumza. Aliniambia kwamba ujanani alijifunza kurusha ndege ndogo huko Nairobi, si kwa kazi bali kwa kujifurahisha tu. Mji ule una historia ndefu ya jambo hilo, kwani klabu ya marubani iitwayo Aero Club of East Africa ipo tangu mwaka 1927. Kisha yakaja majukumu: watoto, ada za shule, ujenzi. Akaacha kuruka kwa miaka 20. Sasa watoto wamekua, naye ameanza kurudi.

Nikamwambia, "Basi utapanda tu na kuondoka. Kitu ulichojifunza hukisahau."

Akacheka. "Leseni ni karatasi, ndugu yangu. Inayorusha ndege ni mikono, na mikono hushika kutu."

Akanieleza hatua kwa hatua. Kwanza daktari hupima macho, masikio, moyo na shinikizo la damu. Kisha mtu hukaa chini kama mwanafunzi na kusoma upya, kwa sababu kanuni zimebadilika, ramani zimebadilika, hata masafa ya redio ya kuongea na waongoza ndege si yale aliyoyazoea. Halafu huruka akiwa na mwalimu kando yake. Ndege za mafunzo zina usukani pande mbili. Mwalimu anaweza kuushika wakati wowote, lakini mwalimu mzuri huweka mikono magotini na kumwacha mwenzake atafute njia, ila pakiwa na hatari. Hapo hurudiwa mambo yote: kuruka polepole, kujua la kufanya injini ikizimika, na kutua upepo ukivuma kutoka ubavuni. Sisi tunaoishi na kusi na kaskazi tunaujua upepo wa namna hiyo. Baada ya hapo ndipo huruka peke yake.

"Na kubeba abiria?" nikamuuliza.

"Hilo ni la mwisho," akasema. Akanitajia kanuni inayotumika Marekani na Ulaya: rubani hawezi kubeba abiria kama ndani ya siku 90 zilizopita hajapaa mara tatu na kutua mara tatu. Kule Marekani leseni ya rubani binafsi haina tarehe ya kwisha, lakini kila baada ya miezi 24 ni lazima aketi na mwalimu na kuangaliwa upya. Leseni haifi, ila haitoshi.

Kisha akasema neno lililonichoma. "Anayerudi ana maadui wawili, woga na kiburi. Woga humzuia asirudi kabisa. Kiburi humrudisha kwa haraka kuliko mikono yake. Klabu mbaya humwongezea kimojawapo."

Nilirudi nyumbani nikiwa na mawazo. Chini ya mwembe tulikuwa klabu mbaya pande zote mbili. Wenzangu walitaka kumpakia abiria siku ya kwanza. Mimi nilimchania leseni.

Jioni ile nilifungua Yohana sura ya 21. Petro alikuwa amemkana Bwana mara tatu kando ya moto wa makaa. Sasa, ufukoni, Bwana amewasha tena moto wa makaa. Angalia mpangilio wake, mpendwa. Kwanza anawalisha samaki na mkate. Wakisha kula, ndipo anauliza kama Petro anampenda, na anauliza mara tatu. Na kila jibu linafuatiwa na kazi ya kuwatunza kondoo wake. Yesu hakusema kwamba yaliyopita hayakuwa kitu. Wala hakusema kwamba nafasi ya Petro imeshachukuliwa. Alimpa chakula, akamuuliza swali, akamkabidhi kazi, kwa utaratibu huo.

Mkumbuke pia Yohana Marko. Katika Matendo 13 aliwaacha wenzake safarini akarudi Yerusalemu. Katika sura ya 15 Paulo alikataa katakata kumchukua tena, hata yeye na Barnaba wakaachana. Paulo alikuwa na sababu, maana kazi ilikuwa ngumu na mtu alishaonyesha udhaifu. Lakini Barnaba alimchukua Marko wakasafiri kwa meli mpaka Kipro. Barnaba ndiye aliyeketi kiti cha mwalimu, mikono magotini. Miaka ikapita, na katika 2 Timotheo 4:11 tunamkuta Paulo yuleyule akiomba Marko aletwe kwake, kwa kuwa anamfaa katika huduma. Kama Barnaba naye angekataa, Paulo angemwita nani?

Eneo letu hili la Afrika lina ushuhuda wake. Mwaka 1948 vijana wawili waliotoka Jeshi la Anga la Uingereza, Stuart King na Jack Hemmings, walizunguka Afrika kwa ndege ndogo ya mbao kuangalia jinsi ndege zinavyoweza kusaidia vituo vya misheni. Mwezi Julai ndege yao ilianguka mlimani Burundi. Walitoka salama, lakini ndege iliharibika kabisa. Wengi wangesema Mungu amekataa. King alirudi Afrika, na kazi ya shirika la MAF ikaanza Sudan mwaka 1950. Baadaye ilifika kwetu, na ndege zake zikaruka kutoka Dodoma kupeleka wahudumu wa afya na wahubiri vijijini. Hemmings naye, Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 102, alishika usukani wa ndege ya kivita ya Spitfire huko Uingereza ili kuchangisha fedha za kazi hiyohiyo. Hakuwa peke yake ndani ya ndege ile. Rubani mwingine alikuwa pamoja naye. Mtu wa miaka 102 hakuona aibu kuwa na msaidizi.

Jumamosi iliyofuata nilipanda daladala kwenda Mikindani, anakoishi mwalimu wetu. Nilimkuta barazani, ghuba ikiwa mbele yake na maji yamekupwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Hakunikaribisha kiti. Nilisema nikiwa nimesimama. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi kwa neno nililolisema, na kwamba sikuwa na haki ya kulisema, awepo au asiwepo. Alinyamaza kwa muda mrefu. Mwisho akamwita mjukuu wake alete kigoda.

"Ulisema vibaya," akaniambia. "Lakini hata wale waliotaka kunipa kwaya waliniogopesha. Sauti yangu imekwisha. Nyimbo zenu mpya sizijui. Nilitaka kukaa tu, nisikie."

Nikamuuliza kama angekubali kukaa nami kwenye besi, siku za mazoezi, bila cheo.

"Utanishikia kitabu?" akauliza. "Macho nayo yamechoka."

Krismasi ile hakuongoza wimbo hata mmoja. Aliimba besi kando yangu, na mara mbili alipotea katikati ya ubeti, nikamwonyesha mstari kwa kidole.

Mpendwa, leo ukigeuka utamwona mtu katika benchi la mwisho la kanisa lenu. Usimpe kipaza sauti, wala usimwonyeshe mlango. Sogea umpishe, kisha umshikie kitabu. Na kama wewe ndiwe uliye katika benchi hilo, usikimbie na usiwe na haraka. Bwana bado yuko ufukoni, na moto wake unawaka.