Mapenzi na Ujira katika Manga za Watu Wazima

Manga ni hadithi za Kijapani zinazosimuliwa kwa michoro na maneno pamoja. Kurasa zake husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama zilivyosomwa tenzi za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Nchini Japani aghalabu manga hupangwa kufuatana na wasomaji wanaokusudiwa na jarida linalozichapisha: wavulana, wasichana, wanaume au wanawake. Makala haya yanahusu kundi hilo la mwisho, liitwalo josei, yaani “mwanamke”, na hasa hadithi zake za mapenzi.

Wengi huzidharau hadithi hizi kabla ya kuzifungua. Majarida ya wanawake watu wazima yalipozuka katika miaka ya 1980, Be Love likiwa miongoni mwa ya mwanzo, baadhi ya yaliyofuata yalitafuta soko kwa michoro ya kitandani, na sifa hiyo ikayaenea yote. Hata hivyo, utu uzima wa hadithi hizi hauko kitandani. Hadithi ya wasichana kwa kawaida hukoma pale kijana anapokiri pendo lake. Hadithi ya josei hupenda kuanza baada ya hapo: kodi ya nyumba inadaiwa, kibarua kimeota nyasi, wazazi wanauliza habari za ndoa. Mathalani, katika Happy Mania ya Anno Moyoco (1995–2001), mhusika mkuu humrukia mwanamume huyu na yule, huku akimpuuza anayempenda kwa dhati. Kichekesho chake ni kikali, wala mwandishi hamwonei huruma.

Kazi inayostahili kuchunguzwa zaidi ni ya Umino Tsunami, Nigeru wa haji da ga yaku ni tatsu, iliyotoka katika jarida la Kiss kuanzia 2012 hadi 2017, kisha ikaendelezwa 2019 na 2020. Jina lake limetokana na methali ya Kihungaria isemayo kwamba kukimbia ni aibu, lakini kuna faida. Mswahili hatashangaa, maana naye husema kwa mwoga huenda kicheko.

Mikuri, msichana mwenye shahada ya juu, amepoteza kazi ya muda. Anaajiriwa kumsafishia nyumba Tsuzaki, fundi wa kompyuta wa makamo ambaye hajawahi kuwa na mchumba. Wazazi wa Mikuri wanapoamua kuhamia shamba, yeye anatoa shauri la ajabu: waoane kwa mkataba. Mbele ya watu watakuwa mume na mke. Ndani ya nyumba watakuwa mwajiri na mwajiriwa, kwa ujira uliokubaliwa.

Hapo ndipo hila ya mwandishi inapodhihirika. Katika hadithi nyingi fedha ni kikwazo cha mapenzi. Hapa mapenzi ndiyo yanayokuwa kikwazo cha fedha. Wawili hao wanapopendana kweli, Tsuzaki anataka ndoa ya kweli, na kwa hesabu yake mshahara wa mke hautahitajika tena. Mikuri hafurahi. Anauliza kwa nini kupika kulekule, kufua kulekule, kulikokuwa kazi jana, leo kuwe ni wajibu wa moyo. Anaona kwamba pendo lake linatumiwa kumnyonya. Swali hili wataalamu wa uchumi wameliandikia vitabu vizito. Hapa linaulizwa na mtu anayependa, akimwuliza ampendaye, na kwa hiyo linauma zaidi.

Jibu linalotolewa ni kwamba wataiendesha nyumba kama washirika wa biashara, kwa vikao na mgawanyo wa kazi. Ni jibu zuri kuliko ukimya, lakini si kamili. Mshirika hugawana faida, na faida ya sahani zilizooshwa haionekani katika daftari lolote. Tena Tsuzaki amechorwa mpole mno. Mume mwenye kiburi angeuvunja mkataba ule siku ya kwanza, na hoja ya Mikuri ingepimwa vyema zaidi mbele ya mtu wa namna hiyo.

Tamthilia ya televisheni ya mwaka 2016 iliipeleka hadithi hii kwa watazamaji wengi wasiosoma manga. (Waigizaji wake wawili wakuu, Aragaki Yui na Hoshino Gen, walioana 2021, pasipo mkataba wa ujira unaojulikana.) Sehemu iliyoongezwa baadaye kitabuni inagusa ujauzito na likizo ya uzazi ya baba, mambo ambayo kikao cha nyumbani pekee hakiwezi kuyaamua, kwa kuwa mwajiri wa mume naye ana neno.

Pembeni yumo Yuri, mama mkubwa wa Mikuri, mwanamke wa kazi aliyekaribia au kupita hamsini bila kuolewa. Anapendwa na kijana, naye anahesabu miaka iliyo kati yao kwa hofu. Kurasa zake ni chache, na huenda ndizo bora kuliko zote: hakuna anayemlipa, hakuna anayemdai, na bado inambidi aamue kama anathubutu.