Je, Wajua? Pesa Ndogo Inayosafiri kwa Simu

Soko la Kamukuywa, kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale, ni mahali pa kuona shilingi 20 ikitembea bila kuonekana. Nambari ya Pochi la Biashara, huduma ya kampuni ya simu ya Safaricom ya kupokelea malipo ya biashara ndogo, imeandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha katoni, juu ya mafungu ya sukuma wiki. Mteja anabonyeza, simu ya mama mboga inalia, naye anasoma jina kwa sauti kabla ya kushika kisu.

Je, wajua kuwa pesa lilikuwa jina la chenji? Neno hili lina asili ya Kihindi, paisa, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Hata hela ilitokana na heller, sarafu iliyoletwa mwaka 1904 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, 100 kwa rupia. Kiswahili kilichukua sarafu ndogo kikaipa mali yote jina lake.

Je, wajua kuwa M-Pesa, huduma ya Safaricom ya pesa kwa simu, haikuanza kwa ajili ya kutumiana pesa? Majaribio ya Oktoba 2005, Nairobi na Thika, yalilenga wakopaji wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, walipe mikopo yao kwa simu. Wakopaji wakaona mbali zaidi: wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Huduma ilipozinduliwa rasmi tarehe 6 Machi 2007, ujumbe wake mkuu ulikuwa kutuma pesa nyumbani.

Je, wajua kuwa kutuma hadi shilingi 100 kwa M-Pesa ni bure? Machi 2020, corona ilipoingia Kenya, ada iliondolewa kwa kiasi chochote kisichozidi shilingi 1,000. Tangu Januari 2021 msamaha huo umebaki kwa shilingi 100 kushuka chini. Anayepokea bado hukatwa akienda kwa ajenti, ndiyo maana mtu akiombwa pesa huambiwa: “Tuma na ya kutolea.”

Je, wajua kuwa daftari la harambee limehamia WhatsApp? Kukiwa na matanga au karo ya mtoto, kikundi hufunguliwa na orodha huwekwa. Anayechanga hunakili orodha nzima, huongeza jina lake mwishoni, kiasi, na alama ya vema, kisha huirudisha. Wawili wakiongeza kwa wakati mmoja, jina moja hupotea, na mweka hazina hukesha akilinganisha orodha na jumbe za M-Pesa. Shilingi 50 ya kijana wa bodaboda wa Kamukuywa hukaa mstari mmoja chini ya 5,000 ya binamu aliye Qatar, na zote hushukuriwa kwa jina. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Je, wajua kuwa M-Pesa iliwahi kuchangisha nchi nzima? Julai 2011, ukame ulipowafikisha watu wa kaskazini mwa Kenya kwenye njaa, kampeni ya Kenyans for Kenya ilienezwa redioni, kwenye televisheni na katika Twitter, na michango ikatumwa kwa M-Pesa. Lengo la kwanza lilikuwa shilingi milioni 500. Lilipitwa.

Je, wajua kuwa Safaricom ilijaribu mtandao wake wa kijamii? Mwaka 2018 kitengo chake cha ubunifu, Alpha, kilianza majaribio na watu 600 ya Bonga, programu ya kupiga gumzo, kulipana na kuchangishana mahali pamoja. Haikushika. Gumzo lilibaki WhatsApp, pesa M-Pesa.

Je, wajua kuwa ng'ambo ya Mlima Elgon watu walilipia kuingia mitandaoni? Kuanzia tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilitoza shilingi zake 200 kwa siku kwa anayetumia Facebook, WhatsApp au Twitter, na kodi hiyo ililipwa kwa pesa za simu. Wengi waliikwepa kwa VPN. Mwaka 2021 iliondolewa, ikawekwa kodi ya asilimia 12 kwenye bando za intaneti.

Je, wajua kuwa waridi la TikTok lina bei? Katika matangazo ya moja kwa moja, mtazamaji anaweza kumtunza msanii waridi la sarafu moja, thamani inayokaribia senti moja ya Marekani. Ni tuzo ile ile ya ngomani, ila hapa kampuni hukata fungu lake kwanza.

Kumbuka: ujumbe wa “tuma kwa hii nambari” usiujibu kwa pesa. Mpigie unayemjua, usikie sauti yake. Ukikosea nambari ya M-Pesa, peleka haraka ujumbe wa muamala kwa 456.

Simu husafirisha shilingi, lakini haijui ni ya nani wala ya nini. Anayejua ni mama mboga anayesoma jina kwa sauti, na mweka hazina anayekesha ili shilingi 50 ya mtu isipotee kwenye orodha.