Kukimbiza kompyuta si kazi, kazi ni kuipoza

NDUGU msomaji, kama una kompyuta ya mezani inayokulisha wewe na watoto wako, kisa hiki kinakuhusu. Mimi kazi yangu ni kuhariri video za harusi katika mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura, na kompyuta ndiyo jembe langu.

Kompyuta yenyewe si ya jana. Ndani yake mna prosesa ya Intel, Core i5-2500K, iliyoingia sokoni Januari mwaka 2011. Ina viini vinne, kasi yake ya kawaida ni gigahezi 3.3, na imepangiwa wati 95. Herufi K mwishoni mwa jina huonyesha kuwa mwenye mali ameachiwa ruhusa ya kupandisha kasi kupita kiwango cha kiwandani. Kazi hiyo vijana huiita ovakloki.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, ndiye aliyenitia hamu. "Mjomba, ya nini kununua nyingine? Nitaikimbiza hii hii," aliniambia. Tukanunua kipoza kikubwa cha mtumba, na usiku mmoja akakaa nayo hadi saa nane. Akaifikisha gigahezi 4.5. Ili isiyumbe, akapandisha volteji kutoka takriban 1.2 hadi 1.4. Akaifanyisha kazi nzito kwa nusu saa, na programu ya kupima joto ikaonyesha nyuzi 85. "Iko salama, mjomba," akasema, tukalala.

Siku chache baadaye, Ijumaa mchana, nilikuwa namalizia harusi ya familia moja iliyokuwa isafiri kesho yake asubuhi. Malipo ya awali nilikwisha yapeleka kwenye karo ya watoto. Kazi ambayo kwa kawaida huchukua saa mbili, baada ya saa moja na nusu ilikuwa haijafika hata nusu. Nikadhani ni faili kubwa. Mara skrini ikageuka buluu, na kila kitu kikasimama. Nikawasha tena, nikaanza upya, ikasimama tena.

Jirani yangu ni fundi wa magari, mzee aliyezeekea kwenye gereji za mtaa huu. Aliposikia ninavyolalama akaingia, akatazama mabati juu yetu, akauliza: "Mwanangu, hiki chumba kina joto kiasi gani?" Nikamjibu sijui. Akacheka. "Basi hujui kitu. Radieta, hata ikiwa kubwa vipi, haiwezi kupoza maji yakawa baridi kuliko upepo unaoipitia."

Nilichukua kipimajoto, nikakuta nyuzi 36. Usiku ule mpwa wangu alipofanya majaribio, chumba kilikuwa na nyuzi 23. Hapo ndipo hesabu iliponijia. Prosesa ilikuwa ikipanda nyuzi 62 juu ya joto la chumba. Usiku, 23 na 62 ni 85. Mchana, 36 na 62 ni 98, na huko ndiko prosesa ya aina hii huanza kujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue.

Kinga hiyo si kitu cha kudharau. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha filamu ya majaribio ambamo kipoza kiling'olewa huku kompyuta ikifanya kazi. Prosesa ya Athlon ya AMD iliungua, lakini Pentium 4 ya Intel ilipunguza mwendo ikanusurika. Siku hizi kinga ya namna hiyo ni jambo la kawaida. Ubaya wake ni kwamba haipigi kelele. Unadhani umeongeza kasi, kumbe mashine inatembea polepole kuliko ilivyotoka kiwandani.

Kosa la pili lilikuwa volteji. Joto la prosesa huongezeka sambamba na kasi, lakini kwa volteji huongezeka kwa kipeo cha pili. Kutoka gigahezi 3.3 hadi 4.5 ni nyongeza ya asilimia 36 hivi. Ukichanganya na volteji kutoka 1.2 hadi 1.4, joto linaongezeka kwa takriban asilimia 85. Yaani kwa kila hatua moja ya kasi, tulikuwa tunalipa zaidi ya hatua mbili za joto.

Kosa la tatu tulilikuta tulipofungua boksi. Kipoza kilishikwa na pini nne za plastiki, na moja haikuwa imeingia sawasawa, kwa hiyo kilikaa upande. Pesti ya kupitisha joto, ile krimu inayopakwa kati ya prosesa na kipoza, ilikuwa imepakwa nene kama siagi kwenye mkate. Feni ya nyuma nayo ilikuwa imezibwa na vumbi.

Tulifuta pesti kwa spiriti, tukaweka tone la ukubwa wa punje ya harage dogo, tukakandamiza pini zote nne hadi zikalia. Usiku ule niliirudisha prosesa kwenye kasi ya kiwandani. Kazi ikaisha alfajiri, na harusi ya watu ikafika kwa wenyewe kabla hawajapanda ndege.

Baadaye mpwa wangu aliirudia kazi yake, safari hii mchana wa jua kali. Aliishia gigahezi 4.2 kwa volteji 1.25. Kwa hesabu ile ile, kasi imeongezeka kwa asilimia 27 na joto kwa asilimia 38 hivi. Sasa inapanda nyuzi 38 tu juu ya joto la chumba. Hata mabati yakiwaka, haipiti nyuzi 74.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, unaposoma maelekezo yaliyoandikwa na mtu wa nchi ya baridi, toa kwanza tofauti ya chumba chake na chako. Hata aliyeko Gitega, kule milimani, ana nafuu kuliko sisi wa kando ya ziwa. Pima saa nane mchana, si saa nane usiku. Panda kasi kidogo kidogo, na volteji iwe ya mwisho kuguswa.

Mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Mimi nusura nikose harusi ya watu kwa ajili ya nukta tatu za gigahezi.