HOMA INAYOKWENDA NA KURUDI

Tuseme mfanyakazi anarudi kutoka likizo kijijini mwezi wa saba. Juma moja likipita, homa kali inamshika, kichwa na mgongo vinauma, anatapika. Bibi yake anasema: «Ni malaria,» naye anameza vidonge vilivyobaki nyumbani. Siku ya tano homa imekwisha, anashuka kazini. Juma lingine, homa inamwangusha tena, safari hii mbele ya mashini. Hiyo inaweza kuwa homa ya kimputu.

Kimputu, au papasi, ni mdudu wa jamii ya kupe. Mchana anajificha katika nyufa za ukuta na za sakafu ya udongo. Usiku anafyonza damu ya mtu aliyelala, kisha anarudi mafichoni, ndiyo maana wengi hawamwoni. Anaweza kukaa miaka bila kula. Mwaka 1905, hapa Kongo, daktari Dutton na mwenzake Todd walionyesha kwamba mdudu huyu ndiye anayeambukiza homa hiyo. Wote wawili waliugua, na Dutton alikufa Kasongo mwaka uleule.

Mbona hasa wakati wa baridi? Kimputu anapenda mahali pakavu penye joto. Katika miezi hiyo tunafunga milango, tunalala wengi chini kwenye mikeka, karibu na moto unaopasha sakafu. (Na mbabula ndani ya chumba kilichofungwa inaua hata bila kimputu!)

Lakini kimputu hana mabawa. Anafika kambini ndani ya mkeka na mizigo yetu. Nyumba ya simenti haimpi maficho mengi. Jiko la udongo tulilojenga nyuma, tunamolaza wageni, linampa. Ukirudi safari, kunguta mikeka na mabulangeti mbali na nyumba, chemsha nguo, ziba nyufa. Lala kitandani, mbali na ukuta.

Homa ikikushika, nenda dispansere ingali kali, maana ndipo vijidudu vinaonekana katika damu. Mwambie muganga ulilala wapi. Dawa ipo, lakini saa za kwanza baada ya kuipata homa inaweza kupanda na kutetemesha mtu. Afadhali uwe mbele ya muuguzi. Mama mwenye mimba asingoje hata siku moja: homa hii inaweza kuharibu mimba.